Kuzunguka visiwa vya Thailand na begi mgongoni kwa hela ya kubana

Nianze na jambo moja ambalo ukilishika vizuri hata hizi hatua zingine utaweza kujipangia mwenyewe: kwenye visiwa vya Thailand kinachomaliza hela ni kuhama. Kitanda cha hosteli unapata kwa baht (hela ya kule) 250 mpaka 400, sahani ya wali na kuku au yai ni baht 60 hivi, bahari ni bure, lakini kila ukivuka maji boti inachukua baht 300 mpaka 900 kutegemea na kampuni na umbali, afu ukishuka gatini kuna gari ya kukufikisha ulikolipia chumba nayo inataka 100 mpaka 300, na siku yenyewe imeshaisha. Kwahiyo mpango wote hapa chini ni wa visiwa vichache, kila kimoja unakaa siku nne tano au zaidi, na unasafiri kwa mstari mmoja bila kurudi ulikotoka.

Baht moja kwa sasa inacheza kwenye shilingi nne za Kenya, kwa Tanzania ni kama 75 mpaka 80, we angalia siku yako maana inapanda na kushuka. Na bei zote ninazotaja ni za kukadiria, msimu wa watu wengi zinapanda, hasa kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya na wiki ya Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambayo ni tarehe 13 mpaka 15 Aprili. Kama hela inabana hizo siku ziepuke kabisa.

Hatua ya 1: Mwezi kwanza, kisiwa baadae

Hapa ndo wengi wanakosea, anaona picha ya Phi Phi anakata tiketi ya ndege mwezi wa tisa anafika anakuta mvua na bendera nyekundu ufukweni. Thailand ina bahari mbili. Magharibi ni Andaman, ambako kuna Phuket, Phi Phi, Krabi, Koh Lanta (Koh ni kisiwa kwa Kithai) na chini kabisa Koh Lipe. Mashariki ni Ghuba ya Thailand, huko kuna Koh Samui, Koh Phangan na Koh Tao, na kule karibu na mpaka wa Cambodia kuna Koh Chang na Koh Kood.

Mliokulia pwani hili mtalielewa haraka maana ni habari ya kusi na kaskazi, pepo zile zile zilizoleta majahazi kwetu zinafanya kazi mpaka kule. Upepo wa kusini magharibi unapiga Andaman kuanzia kama Mei mpaka Oktoba, bahari inachafuka, boti nyingi zinapunguzwa au zinasimama, baadhi ya hoteli ndogo zinafunga, na visiwa vya Similan vinafungwa kabisa na hifadhi katikati ya Mei mpaka katikati ya Oktoba. Kaskazi ikigeuka ndo zamu ya upande wa Samui na Phangan, huko mvua kubwa inakuja Oktoba mpaka Desemba, Novemba ndo mbaya zaidi.

Kwahiyo ukienda Juni mpaka Agosti kaa Ghuba tu, usihangaike na Andaman. Ukienda Novemba au Desemba kaa Andaman tu. Ukitaka pande zote mbili kwa safari moja, nenda Februari au Machi, ndo miezi ambayo bahari zote mbili zimetulia, na huo ndo mstari nitakaoufata hapa: Bangkok, Chumphon, Koh Tao, Koh Phangan, unavuka nchi kavu kwenda Krabi, unamalizia Koh Lanta. Wiki tatu inatosha vizuri, wiki mbili ondoa kisiwa kimoja.

Hatua ya 2: Makaratasi

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aombe viza kabla ya kuondoka, unaomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao thaievisa.go.th, unachagua nchi unayoishi na mfumo wenyewe unakupeleka kwenye ubalozi unaokuhusu. Viza ya kitalii ya kuingia mara moja inakupa siku 60. Watataka kuona taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi, na mahali utakapofikia, kwahiyo bukini hosteli ya Bangkok yenye kufuta bure. Ndugu zetu mnaotumia pasipoti za Ulaya au Marekani nyie mnaingia bila viza, lakini kanuni zinabadilika badilika, hakikisha kabla hujalipa ndege.

Cha pili ambacho watu wa kwetu wanakisahau ni kadi ya manjano. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na chanjo inabidi iwe imepita siku kumi kabla hujafika. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja mkubwa wa ndege wa Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji, tafuta kwanza dawati la afya, jaza fomu yao, wagonge muhuri, ndo uende uhamiaji. Usipopita hapo ukifika mbele ya afisa atakurudisha, na foleni unaianza upya. Hata kama ndege yako imepitia Doha au Dubai wanaangalia ulikoanzia.

Cha tatu, tangu Mei mosi 2025 kila mgeni anajaza fomu ya kuingia ya kidijitali inaitwa TDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure kabisa. Kuna tovuti kibao zinajifanya ndo zenyewe zinakuchaji dola, sasa we angalia anwani iishie go.th. Na uwe na ushahidi wa hela ya kujikimu, sheria yao inaruhusu afisa akuulize baht 20,000 kwa mtu au pesa za nchi nyingine zenye thamani hiyo. Wengi hawaulizwi ila pasipoti za Afrika huulizwa zaidi, bora uwe nayo mkononi kuliko kuanza kutafuta intaneti ufungue programu ya benki mbele ya dirisha. Jibu kwa utulivu, toa karatasi ya hosteli na tiketi ya kurudi, unapita.

Bima ya safari kata. Nasema hivi kwa moyo wote, hospitali binafsi visiwani ni ghali mno na wanataka uhakika wa malipo kabla hawajakugusa.

Hatua ya 3: Begi

Lita 35 mpaka 40, kilo saba mwisho. Sababu ni hela hiyo hiyo: begi dogo unaingia nalo kwenye ndege za bei rahisi bila kulipia mzigo, unatembea nalo kutoka gatini badala ya kupanda teksi, na kwenye boti halitupwi kwenye rundo la mbele linakolowa maji ya chumvi. Nguo za siku tano zinatosha, dobi kila kona wanafua kwa baht 40 mpaka 60 kwa kilo. Beba kanga au kikoi, moja tu, hiyo ni taulo, ni shuka, ni pazia la kitanda cha chini kwenye hosteli, ni ya kujifunga ukiingia hekaluni maana mabega na magoti lazima yafunikwe. Mfuko usiopitisha maji wa lita kumi kwa ajili ya simu na pasipoti, kofuli dogo la kabati la hosteli, na mafuta ya jua ambayo hayaui matumbawe, kwa sababu kwenye hifadhi za bahari yale yenye kemikali kama oksibenzoni yamepigwa marufuku tangu 2021. Sigara za umeme usibebe hata moja, kule ni kosa la jinai.

Hatua ya 4: Hela mfukoni

Kila ukitoa hela ATM kwa kadi ya nje wanakata baht 220 au zaidi kabla benki yako haijakata yake. Kwahiyo toa nyingi mara chache, au beba dola. Noti za dola 100 mpya, zisizo na mikunjo wala maandishi, zinapata kiwango kizuri kuliko za 20, na usibadilishe nyingi eapoti, badilisha kidogo ya treni tu kisha nenda vibanda vya kubadilishia vya mjini Bangkok. Usitegemee kubadilisha shilingi. Visiwani kiwango kinashuka na kwenye vijiji vidogo hakuna ATM, so ukiondoka mji mkubwa uwe na ya siku kadhaa. Mashine ikikuuliza kama unataka wakubadilishie kwa sarafu ya kwenu kataa, kubali ile ya baht tu, ukikubali yao unapigwa.

Kwa siku weka baht 1,000 mpaka 1,200 ikiwa unalala hosteli au bungalo ya feni, unakula vibandani na skuta unakodi siku chache tu. Boti, treni na kupiga mbizi viweke pembeni kwenye fungu lake, usivichanganye na hela ya siku maana ndo vitakavyokuvuruga hesabu.

Hatua ya 5: Bangkok kwenda baharini kwa treni ya usiku

Ndege ya kwenda Samui usiitazame, ule uwanja ni wa kampuni binafsi na nauli zake zinaonyesha. Ndege za bei rahisi kutoka Don Mueang, uwanja wa pili wa Bangkok, kwenda Surat Thani (mji wa bara upande wa Samui), Krabi au Phuket ukiziwahi mapema zinaweza kuwa sawa na treni, ila ongeza mzigo, ongeza gari la kutoka uwanjani, ongeza kitanda cha usiku ule, hesabu inageuka.

Treni ya kulala daraja la pili ndo usafiri ninaoupendekeza kuliko wote. Tangu Januari 2023 treni za mbali za kusini zinaondoka kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat sio Hua Lamphong tena, na bado kuna wanaoenda kituo cha zamani wanachelewa. Kitanda cha juu ni rahisi kuliko cha chini, chembamba kidogo na taa iko karibu na uso, lakini unalala. Ya feni ni rahisi kuliko ya AC, na kwenye AC kunakuwa na baridi kweli kweli, hapo kanga yako inaanza kazi. Kata tiketi kwenye mfumo wa shirika la reli lenyewe, wiki kadhaa kabla ikiwa ni msimu, vitanda vinaisha haraka. Kwa hela kama baht 600 mpaka 1,000 umesafiri na umelala, chumba cha usiku huo hukulipa.

Kuna mabasi ya usiku ya watalii yanayouzwa mitaa ya Khao San, kule Bangkok wanakofikia wasafiri wa bajeti, tiketi moja basi na boti, bei ya chini kabisa. Mimi siyapendi. Habari za watu kufunguliwa mabegi yakiwa chini kwenye buti usiku zimekuwepo miaka mingi. Ukilazimika kupanda basi nenda kituo cha mabasi cha kusini, Sai Tai Mai, upande mabasi wanayopanda wenyeji, na vitu vya thamani ukae navyo miguuni.

Shukia Chumphon alfajiri. Waliokata tiketi ya boti ya pamoja wanachukuliwa na basi pale stesheni mpaka gatini, boti za asubuhi zinaondoka saa moja hivi, na ndani ya saa mbili uko Koh Tao. Bahari ikichafuka hizi boti za mwendo kasi zinarusha watu matumbo, kunywa dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla na kaa nyuma chini, sio mbele juu.

Hatua ya 6: Koh Tao, kaa uogelee

Kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu, na ndo mahali ambapo watu wa bajeti wanajifunzia kupiga mbizi. Kozi ya kwanza ya cheti cha kimataifa inakwenda baht 9,000 mpaka 12,000, siku tatu au nne, na shule nyingi zinakupa kitanda bure au nusu bei siku za kozi, kwahiyo uliza kabla ya kulipia chumba. Hiyo hela kwa nyumbani Zanzibar au Diani huwa ni zaidi, ndo maana nasema kama una ndoto hiyo weka akiba yake kwa ajili ya hapa na upunguze kisiwa kingine. Chagua shule kwa idadi ya wanafunzi kwa mwalimu mmoja, wanne ni vizuri, nane ni wengi.

Ambaye hataki kozi akodi miwani na mrija kwa baht 100 au chini ya hapo aingie majini kutokea ufukweni. Tanote kuna jiwe kubwa na samaki mpaka unachoka, Aow Thian Og asubuhi mapema unaweza kuona papa wadogo wa miamba wenye ncha nyeusi kwenye mapezi, hawana habari na wewe, na Hin Wong matumbawe yapo karibu kabisa. Usisimame juu ya matumbawe, tafadhali, hata ukichoka elea. Nang Yuan, vile visiwa vitatu vilivyoungwa na mchanga, ukienda chupa za plastiki haziruhusiwi na kuna kiingilio.

Sasa gari. Pikapu za teksi Koh Tao ni ghali kwa umbali wake, na barabara za kwenda fukwe za mashariki ni milima mikali ambayo imevunja watu wengi kwenye skuta. Suluhisho ni kulala Mae Haad au mwanzo wa Sairee, unatoka gatini kwa miguu dakika ishirini, begi mgongoni, hulipi mtu.

Hatua ya 7: Koh Phangan, angalia mwezi wa mbinguni

Boti kutoka Koh Tao ni kama saa moja na nusu, unashukia Thong Sala. Kabla hujabukini chochote angalia mwezi uko wapi, kwa sababu kila mwezi mpevu kuna lile sherehe kubwa la ufukweni Haad Rin, na siku kama tano kuzunguka tarehe hiyo vitanda vinapanda maradufu, hosteli zinadai ulipie usiku kadhaa kwa pamoja, na boti zinajaa. Kama unalifuata sherehe bukini mapema. Kama hulifuati, fika wiki moja baada yake, kisiwa kimenyamaza na wenye vyumba wanasikiliza bei.

Hapa ndo kwenye bungalo za feni za baht 400 mpaka 600, nyumba ya mbao, chandarua, kibaraza, bahari hatua chache, na mkiwa wawili inakuwa rahisi kuliko vitanda viwili vya hosteli. Tafuta upande wa magharibi na kaskazini, Srithanu, Haad Yao, Haad Salad, Chaloklum. Ukikaa usiku tano au wiki, nenda mwenyewe ukaongee na mwenye nyumba mchana, uso kwa uso, kwa tabasamu, bei ya mtandaoni inashuka mara nyingi kwa sababu hapo halipi kamisheni ya tovuti. Usibishane kwa sauti ya juu, kule anayepandisha sauti anaonekana hana adabu na mazungumzo yanakufa hapo hapo.

Usafiri wa kisiwani ni songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili nyuma, aliyepanda daladala za zamani za shamba Zanzibar atajiona yuko nyumbani. Bei unauliza kabla hujapanda, na inategemea mmejaa wangapi, kwahiyo pale gatini usitoke pembeni peke yako kuita gari, panda na wenzako mlioshuka nao boti moja.

Jioni kuleni soko la usiku la Thong Sala. Na kabla ya kuingia majini upande huu wa Ghuba jifunze kutambua zile nguzo za ufukweni zenye chupa za siki. Kuna konyeza wa sanduku, hutokea zaidi miezi ya mvua, sumu yake inaweza kuua. Akikugusa usisugue wala usimwagie maji baridi ya kawaida, mwagia siki kwa wingi na uite msaada.

Samui iko jirani na watu wataniuliza mbona nimeiruka. Ni kisiwa kizuri ila kwa mwenye hela ya kubana kila kitu kiko mbali na teksi ni ghali. Ukienda basi kaa Mae Nam, na Waislamu kuna kijiji cha wavuvi cha Hua Thanon chenye msikiti na vyakula vya halali.

Hatua ya 8: Kuvuka kwenda Andaman

Kutoka Thong Sala usipande boti ya kasi, panda pantoni ya magari kwenda Donsak, gati la bara, ni saa mbili na nusu hivi, polepole, una nafasi ya kukaa nje, na nauli ni karibu nusu. Wanauza tiketi ya pamoja pantoni, basi na minibasi mpaka Krabi, na hii ndo sehemu moja ambayo tiketi ya pamoja naikubali kwa sababu ukijigawia mwenyewe utaachwa Surat Thani unapigiwa kelele na mawakala. Jua tu kwamba stesheni ya treni ya Surat Thani iko Phun Phin, nje ya mji, kilomita zaidi ya kumi. Ni siku nzima ya safari, ondoka na boti ya asubuhi.

Lala Krabi mjini, sio Ao Nang kule ufukweni. Gesti ni rahisi, kuna soko la usiku mwisho wa wiki, na songthaew ya kwenda Ao Nang ni kama baht 60. Kutoka Ao Nang unapanda mtumbwi wa mkia mrefu kwenda Railay, ambako hakuna barabara kwa sababu ya majabali, baht 100 kwa kichwa ila wanasubiri wajae wanane. Nenda asubuhi, wanajaa haraka, mchana utakaa unasubiri au mlipie viti vilivyobaki. Pale Railay tembea mpaka ufukwe wa Phra Nang, beba chakula chako na maji kutoka Krabi maana mle ndani bei ni nyingine.

Phi Phi? Boti ni ghali, vitanda ni ghali, kelele usiku kucha. Lakini najua ile ghuba ya Maya watu wanaitamani. Ilifungwa 2018 ipumzike, ikafunguliwa Januari 2022, sasa hauruhusiwi kuogelea pale ndani, kiingilio cha hifadhi kwa mgeni ni baht 400, na Agosti na Septemba wanaifunga tena kila mwaka. Na papa wa miamba wamerudi, kufunga kulisaidia. Kama lazima uione, nenda ziara ya siku moja usirudi na begi.

Hatua ya 9: Koh Lanta

Hapa ndo napendekeza umalizie, na upunguze siku kwingine ili uziweke hapa. Minibasi kutoka Krabi mpaka Lanta kama saa tatu na inavuka kwa pantoni, hulipi boti ya watalii. Fukwe ni ndefu, Klong Khong na Klong Nin zina bungalo za bei nzuri, barabara ni nzuri na sehemu kubwa tambarare, skuta baht 200 mpaka 250 kwa siku.

Wakazi wengi wa Lanta ni Waislamu, adhana unaisikia kutoka bungaloni, na kwa msafiri wa pwani yetu hii ni nafuu kubwa kwa sababu chakula cha barabarani karibu chote ni halali. Kuku wa kukaanga na wali wa manjano, roti zinazosukumwa mbele yako na kukaangwa kwa siagi na ndizi, mchuzi wa masaman wenye iliki na mdalasini. Kwengineko Thailand tafuta ile alama ya halali ya Baraza la Kiislamu lao, na ujue nguruwe yuko kwenye vitu vingi. Vijijini upande wa mashariki na mji mkongwe vaa kwa heshima, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Kama utapita mwezi wa Ramadhani vibanda vingi vya mchana vinafungwa ila soko la futari jioni usilikose.

Ukitaka kisiwa kilichotulia zaidi kati ya Krabi na Lanta, Koh Jum. Unakwenda gati la Laem Kruat, unapanda boti ya wenyeji kwa kama baht 100 pamoja na mayai, saruji na wanafunzi.

Kwenye fukwe za Andaman utaona mabango ya bluu ya njia ya kukimbilia juu. Wimbi la tarehe 26 Desemba 2004 liliua maelfu pande hizi, na lilifika mpaka Somalia na pwani yetu. Fika, angalia njia iko wapi, kisha endelea na likizo yako.

Kuhusu skuta, soma hii kabla ya kusaini

Usiache pasipoti kwa mwenye pikipiki, toa nakala na amana ya hela, atakayekataa nenda kwa mwingine. Piga video pikipiki nzima mbele yake, mikwaruzo yote, maana kuna wanaodai hela nyingi wakati wa kurudisha wakiwa wameshika pasipoti yako. Uwe na leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki uliyoitoa nyumbani, bila hiyo bima nyingi hazilipi hata senti ukianguka. Kofia vaa hata kama hakuna anayevaa, na wao wanaendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, hiyo angalau haikusumbui ukitoka huko. Kama hujawahi kuendesha pikipiki, visiwa vya milima sio pa kujifunzia. Ukipata shida na mtu yeyote polisi wa watalii ni namba 1155 na wanaongea Kiingereza.

Kula na kunywa bila kuvunja bajeti

Kanuni ya kula kule: tembea mitaa miwili kutoka ufukweni. Kibanda chenye viti vya plastiki na wenyeji wamekaa, wali na kuku wa kusaga na majani ya basili juu yake yai, baht 60 mpaka 80, visiwani ongeza kidogo. Sema mai phet kama pilipili huiwezi, na bado itakuwasha. Dukani 7-Eleven mkate wa kubanwa na jibini wanakupashia moto, baht 40 hivi, hiyo ni chai ya asubuhi ya wasafiri wote wa bajeti. Maji usinunue chupa kila mara, kuna mashine za kujaza mitaani, baht moja kwa lita, chupa yako moja inakupeleka safari nzima. Maembe na mananasi ya vibandani, baht 20 mpaka 40 kwa mfuko. Pombe ndo inakula bajeti za wengi, bia tatu ufukweni ni kitanda cha usiku mmoja.

Mbu wapo na homa ya dengi ipo, dawa ya kupaka nunua huko huko ni rahisi.

Hatua ya mwisho: kurudi

Usipange boti na ndege ya kurudi nyumbani siku moja. Bahari ikikataa boti hazitoki, na kampuni ya ndege haikujui. Toka kisiwani siku mbili kabla, kutoka Lanta nenda Krabi au Trang, panda basi la usiku au ndege ya bei rahisi mpaka Bangkok, lala usiku mmoja mjini. Angalia pia ndege yako inaondoka Suvarnabhumi au Don Mueang, ni viwanja viwili tofauti na foleni ya gari kati yake inaweza kuzidi saa moja. Na kwa mwenye viza ya kuingia mara moja, kuna wanaovutiwa na boti ya kutoka Koh Lipe kwenda Langkawi Malaysia halafu warudi Bangkok kupanda ndege: ukigongwa muhuri wa kutoka viza yako imeisha hapo, kwahiyo ukitaka njia hiyo kata tiketi ya kurudi nyumbani inayoanzia Kuala Lumpur.